Udzungwa kwa miguu: maporomoko ya Sanje kwa msafiri asiye na gari

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na akibahatika kukaa dirishani huona twiga, swala na siku nyingine tembo, bila kulipa hata senti. Kushuka, hata hivyo, hawezi. Nimeipita barabara hiyo tangu nikiwa mwanafunzi wa bweni, na kwa miaka yote hiyo niliamini kuwa hifadhi za taifa ni za wenye magari yao au wenye fedha za kukodi, na kwamba sisi wengine fungu letu ni dirisha la basi. Siku tatu nilizokaa Udzungwa mwishoni mwa mwezi Juni zimenibadilisha mawazo, na ndiyo sababu ninaandika tathmini hii kwa kirefu, kwa ajili ya yeyote anayepanga kwenda kwa mpango wake mwenyewe, bila wakala na bila gari.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya magari. Ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, imeenea katika mikoa ya Morogoro na Iringa, na kila anayetaka kuiona huiona kwa miguu. Mwenye gari la kifahari huliegesha nje, akakaza kamba za viatu vyake sawa na yule aliyeshushwa na bodaboda. Sikuwahi kuelewa uzito wa jambo hilo mpaka nilipofika mwenyewe, kwa kuwa katika hifadhi nyingine nilizopata kuzitembelea, mtu asiye na gari huanza kuhesabiwa kuwa tatizo tangu getini: nani atambeba, ataunganishwa na kundi gani, atachangia mafuta kiasi gani. Mang'ula hakuna aliyeniuliza gari langu liko wapi.

Makao makuu ya hifadhi yako hapo Mang'ula, kiasi cha kilomita 65 kutoka Mikumi, kandokando ya barabara iendayo Ifakara. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Mabasi ya Ifakara huondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, nayo hupita Mang'ula. Mimi niligawanya safari: nilipanda treni ya SGR hadi Morogoro, nikachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, na kutoka hapo nikapanda basi. Huduma hiyo ya treni, iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, imemwondolea msafiri adha ya foleni za kutoka jijini, na kwa mtu wa umri wangu nafuu hiyo si ndogo. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, na anayependa kusafiri kwa njia hiyo aulize kwanza stesheni ni siku zipi treni inasafiri.

Kwa upande wa basi ninayo lawama moja. Nilikatiwa tiketi ya Mang'ula, lakini tulipofika Kidatu kondakta alitutangazia kuwa gari haliendelei mbele, tukafaulishwa kwenye gari jingine lililokuwa limeshajaa, na sehemu iliyobaki ya safari niliimaliza nimesimama, begi langu likiwa limelazwa juu ya magunia ya vitunguu. Kufaulishwa ni mazoea ya njia nyingi nchini, ila si haki kwa abiria aliyelipa nauli kamili bila kuambiwa. Kabla ya kutoa fedha, muulize mkata tiketi waziwazi: gari hili linafika Ifakara lenyewe, au mnafaulisha njiani? Wakati wa kurudi niliuliza hivyo, nikapata jibu la kweli, nikasafiri nimekaa.

Mang'ula ni mji mdogo wenye nyumba za kulala wageni za kutosha. Chumba changu kilikuwa safi, neti haikutoboka, na maji yalikuwa ya ndoo, jambo ambalo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba niliahidiwa chai saa kumi na mbili asubuhi na muda ulipofika hapakuwa na mtu jikoni wala mlango wa nje haukuwa umefunguliwa, hivyo nikalazimika kumwamsha mlinzi. Anayekusudia kupanda mlima asitegemee chai ya nyumba ya wageni. Barabarani, mama lishe wameshawasha majiko kabla jua halijachomoza, na kwao nilipata chai ya rangi na chapati za moto, na viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo nilifungiwa kwenye karatasi kwa ajili ya njiani. Jioni nilikula kwao tena, wali wa Ifakara kwa perege wa kukaanga. Ule mchele, kwa kuwa haujasafiri, una harufu ambayo kwetu Dar es Salaam hufika imeshapungua.

Taratibu za kuingia ni nyepesi kwa mtu aliyejiandaa. Ada hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa ni cha lazima ukitaka kulipa kama raia, na malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia simu au kadi. Hakikisha salio lako la simu linatosha kabla hujatoka nyumbani, pamoja na gharama ya mwongozaji, kwa sababu njia ya Sanje haipandwi bila yeye. Ndani ya msitu huu kuna tembo na nyati, na wenyeji hawalichukulii jambo hilo kimzaha. Kutoka makao makuu mpaka mahali njia ya Sanje inapoanzia ni kama kilomita kumi kwa kurudi upande wa Kidatu. Tulikwenda kwa bodaboda mbili, mimi na mwongozaji, na gharama hiyo pia uiweke katika hesabu zako.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa pale pale, wa makamo ya miaka thelathini. Aliniamkia, kisha akaniomba jambo ambalo sikulitarajia: "Mama, hebu nioneshe nyayo za viatu vyako." Nilikuwa nimevaa raba. Aliinama, akapitisha kidole gumba kwenye soli ya mguu wa kulia, akasema, "Hivi meno yameisha. Tutakwenda, ila kushuka utanifuata nyuma, usiwe mbele." Katika fungu la fimbo zilizoegemezwa ukutani alinichagulia moja, akaisimamisha kando yangu mpaka kichwa chake kikalingana na kiwiko changu, akanikabidhi. Hadi tunarudi nilikuwa nimeelewa kuwa ushauri ule na ile fimbo vilikuwa na thamani kuliko kitu kingine chochote nilichokibeba begini.

Njia huanza katika joto. Chini kule ni kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, na hewa ni ya bondeni, nzito, yenye harufu ya miwa kutoka katika mashamba ya sukari ya Kilombero. Baada ya muda mfupi msitu hukufunika na mwanga hugeuka kijani. Wataalamu huisifu Udzungwa kwa sababu msitu wake hapa umeshikana pasipo kukatika, kuanzia takriban mita 250 mpaka zaidi ya mita 2,000, jambo ambalo ni nadra sana Afrika Mashariki, ambako misitu mingi ya chini imeshafyekwa na kubaki vilele tu. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo bila kuitilia maanani. Ukiwa ndani yake unaisikia kwenye ngozi: kila baada ya nusu saa ya kupanda hewa inapoa kidogo, ukungu unashuka kukufuata, na mashina ya miti yanayokuwa makavu chini yanaanza kuvaa kuvumwani inayodondosha maji.

Mbega wekundu tuliwaona mapema, kundi la kama kumi na tano, wakirukaruka juu yetu kwa kishindo cha matawi. Utosi wao una nywele nyekundu kama kutu ya bati. Aina hii haipatikani popote duniani nje ya Udzungwa na misitu iliyo jirani. Hata hivyo aliyenifanya nisimame kwa muda mrefu ni mnyama mwingine, ambaye nilimsikia tu. Kutoka bondeni ulipanda mlio mmoja wa juu, mfupi, ukafuatiwa na kugugumia kwa haraka kooni, kama maji yanayotoka katika kibuyu chenye mdomo mwembamba. Mwongozaji aliinua mkono ili ninyamaze, akasema kwa sauti ya chini: "N'golaga."

Habari za n'golaga, ambaye ni aina ya kima, ndizo zilizonileta Sanje kabla hata ya maporomoko. Mwaka 1979 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi katika msitu huu, jirani na maporomoko haya, walisikia mlio wa mnyama ambao hawakuutambua, wakamuuliza mwenyeji waliyekuwa naye. Akawajibu bila kusita kuwa huyo ni n'golaga. Wataalamu walikuwa hawajawahi kumwandika mnyama huyo katika kitabu chochote, ilhali wanakijiji walikuwa na jina lake tangu zamani, na muda mfupi baadaye mtoto wake alionekana akifugwa hapo hapo kijijini Sanje. Leo anajulikana ulimwenguni kwa jina la kijiji hicho, na anaishi katika misitu miwili tu, yote ikiwa katika milima hii. Habari kama hizo ni nyingi Udzungwa. Kwale wa Udzungwa alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1991 baada ya watafiti kuiona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha mboga kambini, na sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na uzito wa kiasi cha gramu 700, aliandikwa rasmi mwaka 2008. Ninayataja haya kwa sababu moja: katika milima hii elimu imepatikana kwa kutembea na kwa kuwauliza wenyeji, na mgeni atakayekwenda kwa haraka, macho yote kwenye maporomoko, atapoteza nusu ya alichokilipia. Muulize mwongozaji majina. Wangu alinitajia ya miti zaidi ya ishirini, na kwa kila mmoja alieleza uliwafaa nini wazee wake.

Alinieleza pia kuwa alipokuwa mtoto mama yake aliingia humu kuokota kuni kavu, siku moja kila wiki, kwa ruhusa ya hifadhi, na kwamba ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Hakulalamika, wala hakusema ilikuwa heri. Alisema tu kwamba njia tuliyokuwa tukiipanda wanawake wa kijiji waliijua kabla ya wageni, wakiwa na mizigo vichwani, na baada ya hapo nilipanda kimya kwa muda.

Maporomoko yenyewe yanashuka kiasi cha mita 170, yakiwa yamegawanyika katika hatua tatu. Kabla ya kuyaona unayasikia, na kabla ya kuyafikia unalowa, kwa sababu manyunyu husukumwa na upepo mpaka ndani ya msitu. Kutoka mahali pa kutazamia, maji yanaonekana kama kitambaa cheupe kilichoanikwa kwenye ukuta wa mwamba mweusi, yakianguka polepole kwa namna ya kushangaza. Ukiyakaribia unaona kuwa si kitambaa kimoja: ni mafungu mengi ya maji yanayoachana hewani, kila fungu likishuka kwa kasi yake, na mengine huyeyuka kuwa ukungu kabla ya kufika chini. Juu ya miamba iliyo kandokando kuna mimea midogo yenye majani ya manyoya, ambayo kila jani lake hutikisika bila kukoma kwa upepo wa maji, hata pale ambapo miti imetulia tuli. Nilikaa mbele ya mmea mmoja wa namna hiyo, usiozidi kiganja, labda robo saa nzima.

Katika mojawapo ya madimbwi ya juu inaruhusiwa kuoga, na mimi, ambaye sijui kuogelea, niliingia mpaka kiunoni nikiwa na kanga na fulana. Maji ni ya baridi ya kukata pumzi, safi kiasi cha kuona kucha za miguu, na chini kuna mawe ya duara yenye utelezi. Hapa nawaonya wasafiri wenzangu kwa dhati: usisogee ukingoni mwa hatua yoyote ya maporomoko kwa ajili ya picha. Mwamba huo husuguliwa na maji usiku na mchana, na hata ulipokauka una utando unaoteleza kama sabuni. Mwongozaji aliniwekea mpaka kwa fimbo yake na hakunilegezea, nami namshukuru.

Ukiligeuzia mgongo dimbwi, mbele yako kuna bonde zima la Kilombero. Unaona miwa iliyopandwa kwa mistari, mashamba ya mpunga yanayong'aa, na reli ya TAZARA inayopita pembeni mwa mlima. Msitu unakoma ghafla chini, kama uliokatwa kwa kisu, na hatua chache mbele ya mti mkubwa wa mwisho linaanza shamba. Maji yaliyonipitia kiunoni, kabla ya kufika baharini, yatapita katika mto Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme. Nilikuwa nimeishi na mgawo wa umeme Dar es Salaam bila kuwahi kujiuliza maji yake yanaanzia katika misitu ipi.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda. Kwa magoti yangu ilikuwa saa nzima ya kupima kila hatua, fimbo kwanza, kisha mguu, kisha mguu wa pili, nikifuata visigino vya kijana yule kama alivyoagiza. Mzunguko wote huchukua kama saa nne kwa mtu wa kawaida; mimi nilitumia saa tano na nusu pamoja na kuoga na kukaa. Mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea ataweza. Aliye na tatizo la goti au la moyo abaki na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, ambayo ni madogo lakini yanafikika kwa mwendo wa kama kilomita moja, na niliyatembelea siku iliyofuata kwa raha zangu.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu, na kati ya hiyo ningechagua Juni, kwa kuwa mvua za masika zimekwisha lakini mito bado ina nguvu. Machi hadi Mei njia huwa tope tupu. Vaa suruali ndefu na soksi zilizovutwa juu ya suruali, kwa sababu ya siafu. Mimi waliniingia mara moja, na hapo hakuna heshima, unavua kiatu papo hapo. Beba maji lita mbili, chakula chako, na mfuko usiopitisha maji wa kufungia simu. Ndani hakuna duka, na nisingependa liwepo.

Anayesafiri kutafuta simba na makundi ya nyumbu asije huku, atarudi amenuna. Wanyama wa Udzungwa wako juu ya miti au nyuma ya majani, na mara nyingi utaona kinyesi cha tembo kabla ya tembo. Kipunji, kima ambaye wengi huulizia kwa kuwa alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, hapa Udzungwa anaishi katika msitu wa Ndundulu, mbali na njia hii, hivyo mwongozaji asipokuahidi kumwona, anakuambia kweli.

Kosa langu lilikuwa kutenga siku moja tu kwa Sanje na moja kwa njia fupi, nikakosa njia ya kilele cha Mwanihana, yenye kama kilomita 38 na inayohitaji kulala usiku mbili msituni kwenye hema. Nimeshaanza kuweka akiba kwa ajili ya Septemba, na nimenunua viatu vyenye meno.